Mume wa Majini na Sahani ya Mikeke

Nabii Gédéon wa Mulongwe alikuwa na macho makali ya rohoni. Hakuona mafuriko yaliyobeba viti vyote vya chumba chake cha maombi, wala hakuona kwamba paa lake linavuja. Lakini alimtazama Domitille mara moja tu, mbele ya watu, akaona kwamba msichana huyo ana mume chini ya ziwa. Hata rangi ya kanzu ya huyo mume aliitaja: kijani.

Sharti lilikuwa moja. Domitille asitie mdomoni kitu chochote kilichotoka ziwani. Akionja, mume wa majini atakasirika na kumuua mwanaume yeyote atakayemposa. Hebu fikiria kumpa sharti hilo msichana wa Kilibula ambaye mama yake anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Miaka miwili Domitille alikula sombe ya majani ya muhogo na maharage, kisha maharage na sombe, huku akianika ndagala mchangani na kumeza mate. Alimpenda Firmin, mwalimu wa shule ya msingi kule Lubarika, na kwa kumpenda aliahirisha posa mara mbili. Hakuogopa kufa yeye. Aliogopa kumzika Firmin.

Siku moja, wakifua nguo pamoja, Mama Josée wa kwaya alimuuliza, "Binti yangu, Yesu alipofufuka, aliwachomea wanafunzi wake nini pale ufuoni?"

"Samaki, mama."

"Walitoka wapi?"

"Mu ziwa."

"Na ruhusa aliomba kwa mume wa nani?"

Domitille aliendelea kusugua nguo. Juma zima alilibeba swali lile, na mwishowe aliomba peke yake, bila mafuta wala kelele: Bwana, kama mimi ni wako, mwingine asinidai. Akaamka akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Jumamosi wazee wa Firmin walifika naye kuleta posa. Kwa desturi yao, binti huwapikia wageni, na kabla hawajagusa chakula yeye huonja mbele yao, wajue hakuna ubaya ndani. Domitille alipika mikeke, samaki wa ziwa lilelile. Nabii Gédéon, ambaye hakualikwa na mtu, alikuwa ameshakalia kiti kizuri kuliko vyote.

"Ngoja," alisema sahani ilipotua. "Weye unajua masharti. Ukionja, huyu kijana hamalizi juma."

Mzee Bonaventure, baba mkubwa wa Firmin, alirudisha mkono wake. "Iko nini hapa? Tumekuja kuoa ama kuzika?"

Domitille alimgeukia nabii. Alikuwa mtu ambaye hata kuitikia jina lake kwenye kwaya alinong'ona.

"Nabii," alisema, "mwezi jana mama alikutumia mikeke sita. Ulikula yote."

"Minye niko na upako."

"Na minye niko na Yesu. Alikula samaki nyuma ya kufufuka, hakuna jini lilimudai."

Akamega mgongo wa samaki, akala. Mara akakohoa. Akakohoa tena, machozi yakamtoka, na wageni wote wakainama mbele.

"Mumeona," alisema nabii, akiinua mkono kwa furaha.

Domitille alimeza tonge kubwa la ugali, akapumua. "Ni mwiba," alisema.

Firmin aliivuta sahani, akachagua samaki mnene, akala bila kumtazama nabii. Baba mkubwa aliomba pilipili. Nabii alisubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni mlangoni. Alipoona sahani inazunguka na hakuna anayekufa, akanyoosha mikono anawishwe.

"Weye, nabii, tumekuwekea sombe," mama Domitille alisema kwa heshima zote.

Juma likaisha. Firmin akashuka kutoka Lubarika kwa pikipiki, mzima, na njaa yake. Jumapili, huko Mulongwe, nabii alitangaza kwamba mume wa majini amehamia Bujumbura.