Rangi ya Kahawia

Kila asubuhi kaka yangu Lonnie hukanda unga wa mikate huku simu ikiwa mezani, sauti imefunguliwa. Mwanamke wa mahakama husoma rangi za siku. Rangi uliyopewa ikitajwa, unakwenda kupimwa mkojo. Ya Lonnie ni kahawia. Isipotajwa, huimba kwa sauti mbaya na kunirushia unga.

Jumatatu ile ilitajwa.

Lonnie alibaki na mikono ndani ya bakuli. Siagi ikaanza kuungua kwenye kikaango, na hakuiondoa.

"Tressie," aliniita, "nimemeza vidonge jana. Viwili."

Nilizima jiko.

Hapa kwetu milimani, karibu kila nyumba ina mtu aliyepitia mahakama hiyo ya walevi wa vidonge vya maumivu. Badala ya kufungwa, unatibiwa, unatafutiwa kazi, na kila Jumatatu unasimama mbele ya jaji. Sheria yake kila mtu anaijua: ukikiri kabla ya kupimwa, unalala rumande siku chache, kisha unaendelea na matibabu. Ukificha na kipimo kikakuumbua, unakwenda kutumikia kifungo chako. Cha Lonnie ni miaka mitano.

Alisuuza chupa ya aspirini, akanipa. "Wewe ni msafi kama maji ya kisima. Mkojo wako kidogo tu, dada'angu."

"Si ukiri tu, Lonnie?"

"Nikikiri wataniuliza sababu."

Nilijifungia chooni, nikakaa, nikalia kimyakimya. Nilitoka na chupa tupu.

"Hautoki," nilisema.

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Hata mkojo wako una haya!"

Tulipita kwa gari lango la mgodi wa makaa, ule uliofungwa baada ya dari kumwangukia baba; tuliambiwa alikufa papo hapo. Lonnie alikuwa naye siku hiyo. Ndipo alipoumia mgongo, na vidonge vilianzia hapo, vya daktari.

"Najua ulikuwa unatoka," Lonnie alisema, akitazama dirishani.

Nilibadilisha gia, tukashuka kuelekea mahakamani.

Pale mahakamani askari wa mlangoni, Burl, aliyesoma na Lonnie, alimpiga bega. "Ala! Leo shati limeonana na pasi! Unaoa?"

"Namwoa mama yako," Lonnie alijibu, na watu wakacheka.

Kesi husikilizwa kwanza, vipimo baadaye. Jaji Stidham, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alimwita mbele.

"Lonnie, mwanangu. Miezi saba bila kidonge. Jamani, mpigieni makofi."

Ndiyo desturi yao. Ukumbi mzima ulipiga makofi: mwendesha mashtaka, Burl, wasichana wenye meno yaliyooza, mzee aliyerudi juzi kutoka rumande. Walipiga kwa nguvu, wengine wamesimama. Lonnie aliinamisha kichwa kama mtu anayepigwa mawe.

"Na mgongo?" jaji aliuliza, kama anavyouliza kila wiki.

"Unauma, Mheshimiwa." Ndivyo anavyojibu kila wiki.

Jaji alikwishageukia faili jingine. Burl alimfungulia njia ya kwenda kupimwa. Lonnie hakusogea.

"Kaka, twende," Burl alinong'ona.

Lonnie aligeuka, akanitafuta kati ya viti. Nilimwitikia kwa kichwa. Akamgeukia tena jaji.

"Miezi saba imeisha jana, Mheshimiwa. Nilimeza viwili." Jaji alifunga faili, akavaa miwani. "Na mgongo ulipona zamani. Siumwi mgongo. Baba hakufa papo hapo. Aliniita, nami nikatambaa kutoka mgodini, nikamwacha. Nikifumba macho bado ananiita. Naogopa kulala."