Wazee Watatu na Ufunguo wa Wingu

Etalem Gizaw hakujua kuomba mara mbili. Ukimnyima kitu leo, kesho harudi mlangoni kwako na uso wa huruma. Anarudi na hoja, na hoja ikigonga mwamba anarudi na watu. Pale kwenye kiwanda cha viatu cha Akaki, kusini mwa Addis Ababa, walikuwa wameshamzoea, kwa sababu yeye ndiye aliyesimamia kompyuta zote, na kompyuta zikigoma hata mwenye kiwanda humwita kwa sauti ya upole.

Jumatano ile, lakini, mwenye kiwanda hakuwa na upole wowote. Etye Alganesh, Etye ikiwa ni heshima kwa mwanamke mkubwa, mjane wa miaka sitini na mbili aliyerithi kiwanda kikiwa na cherehani kumi na moja na kukifikisha mia tatu, alimsimamisha Etalem mbele ya meza yake wala asimwambie akae.

"Jumanne ijayo ni siku gani?"

"Siku mkataba wa programu unapojirudia wenyewe, Etye."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka mzima. Watu mia moja na arobaini."

"Na kwa wakala gani?"

"Fikremariam."

Tuelewane hapa, maana jambo lenyewe si gumu. Siku hizi kiwanda hakinunui programu kikaziweka kabatini. Kinazikodi. Barua pepe, hesabu ya ngozi ghalani, oda za wateja, vyote vinakaa huko wanakokuita kwenye wingu, na unalipia kila kichwa kinachotumia. Kampuni kubwa ya ng'ambo yenye programu hizo haiuzi kwako moja kwa moja. Inamuuzia wakala, na wakala anakuuzia wewe. Akiwa wakala mwema, unalala usingizi. Fikremariam hakuwa mbaya, ila alikuwa mzembe, na mwaka ule barua za kiwanda zilikatika mara mbili. Mara ya pili zilikatika siku nne nzima. Mnunuzi wa Italia akadhani kiwanda kimefungwa, akapeleka oda ya buti elfu sita kwingine.

Etalem alikuwa ameshapata wakala mpya, anayelipwa kwa birr, pesa ya hapa, anayetoa risiti na kupokea simu. Kuhamia kwake ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: mwenye ufunguo mkuu wa akaunti, yule aliyeandikwa msimamizi mkuu, ndiye lazima abonyeze kukubali. Na mwenye ufunguo mkuu alikuwa Fikremariam.

Alifikaje kuwa nao? Kwa kosa la Etalem mwenyewe, na yeye alilijua. Miaka mitatu nyuma dola zilikuwa hazishikiki, kadi ya benki ya hapa haikuweza kununua ng'ambo hata kalamu, na Fikremariam alikuwa na kaka yake Dubai mwenye kadi. Kila mtu mjini alinunua kwa njia hiyo, kwa binamu au kwa shemeji. Siku ya kujiandikisha, fomu ikauliza jina na simu ya msimamizi mkuu. Laini ya kiwanda ilikuwa bado kwa jina la marehemu mume wa Etye Alganesh. Fikremariam akasema, "Niandike mimi, dada. Kwa muda tu. Tutabadilisha." Etalem akaitikia kwa kichwa, na huo muda tu ukawa miaka mitatu.

"Sikiliza," Etye Alganesh akasema. "Jumanne ikipita na tumefungwa tena na mtu huyo mwaka mzima, Jumatano usije."

Etalem aliumia, maana alikipenda kiwanda kile. Lakini hakulia wala hakujitetea. Alisema tu, "Nitakuja, Etye," akatoka.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa ofisini kwa Fikremariam, juu ya duka la keki, mtaa wa Kazanchis. Fikremariam alimpokea kwa mikono miwili, akamuulizia mama, akamuulizia afya, akaagiza kahawa. Alikuwa na maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni.

"Ufunguo? Dada yangu, hiyo ni kazi ya dakika moja! Kesho."

"Simu yako si hiyo mkononi?"

"Kesho, dada. Leo mtandao wangu mbovu."

"Wewe unauza mtandao, halafu wako mbovu?"

"Fundi cherehani na suruali yake iliyotatuka," akajibu, akacheka peke yake.

Ijumaa jibu lilikuwa lilelile, kesho. Jumamosi simu iliita mpaka ikachoka. Etalem akaiandikia kampuni ya ng'ambo, ikamjibu kwa adabu kwamba wataupitia ushahidi wake kwa wiki tatu. Akamuuliza mwanasheria wa kiwanda, naye akacheka mpaka akavua miwani. "Mahakamani? Mwanao atasoma hukumu." Kuanza akaunti mpya isingewezekana bila kuacha huko nyuma barua zote za miaka mitatu, na oda zote, na anwani ambayo wateja waliijua.

Basi ndipo alipokumbuka kwamba huku watu hawakuanza kudaiana vitu jana. Mtu akitaka kuposa, au akidai chake, hutuma wazee watatu wakaombe. Jumamosi jioni alimpigia mjomba wa mama yake, Gashe Demissew, yaani Mzee Demissew, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwogopa hata baada ya kustaafu.

"Gashe, nataka wazee watatu wa kwenda kuomba."

"Eee! Hatimaye! Ni nani huyo kijana?"

"Hakuna kijana, Gashe. Nataka ufunguo."

"Ufunguo wa nyumba?"

"Wa kiwanda, ila uko kwenye wingu."

"Mimi wingu ninalolijua ni la mvua. Nieleze polepole." Alipoelezwa, akauliza swali moja tu: "Kitu ni chenu, na yeye kakishika?"

"Ndiyo."

"Basi nimeelewa kuliko wewe. Kesho baada ya kanisa."

Jumapili, saa sita mchana, wazee watatu, Gashe Demissew akiwa mbele, walishuka kwenye teksi mbele ya nyumba ya mama yake Fikremariam, mtaa wa Gulele. Wote walikuwa wamejitanda shuka nyeupe na fimbo mkononi. Mmoja wao, Gashe Lemma, alistaafu kampuni ya simu na alikuwa na miaka themanini na moja na goti bovu. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Etalem alifuata nyuma kwa staha, kama shangazi wa bwana harusi.

Sasa niambie, mama mwenye binti wa miaka thelathini na sita ambaye hajaolewa akiona wazee watatu waliovaa hivyo mlangoni Jumapili, atafikiri nini? Emama Zewditu, mama yake Fikremariam, alipiga vigelegele moyoni, vikamtoka machoni. Alitandaza majani mabichi sakafuni, kama siku ya sherehe, kwa mkono wake mwenyewe. "Karibuni, karibuni, kaeni! Kuku yuko jikoni! Meaza! Meaza, vaa vizuri!"

"Tumshukuru Mungu," alisema Gashe Demissew. "Hatutakaa, mama. Tumekuja kuomba."

Akafurahi zaidi, kwa sababu ndivyo wafanyavyo waombaji. Hawakai wala hawali mpaka wajibiwe.

Fikremariam akatokea chumbani na fulana ya nyumbani, akipiga mwayo. Alipomwona Etalem nyuma ya wale wazee mwayo ulikatika katikati.

"Mwanangu, wamekuja kumwomba Meaza!"

"Si Meaza, mama," Gashe Demissew akasema kwa upole, "ingawa sifa zake tumezisikia."

Sauti ikatoka jikoni: "Kwa hiyo nirudi kwenye vitunguu?"

Hata Gashe Lemma alicheka. Emama Zewditu hakucheka. Alimgeukia mwanawe. "Basi wamekuja kuomba nini kwangu?"

"Mwanao ameshika ufunguo wa nyumba ya watu," Gashe Demissew akasema. "Alitumwa akawapangie, akapanga, akabaki na ufunguo. Kodi wanalipa wao. Sasa wanataka kumbadilisha dalali, na yeye kila siku anasema kesho."

"Wazee wangu," Fikremariam akaanza, akirekebisha fulana yake, "kwa heshima zote, hii ni biashara. Kuna mkataba."

"Mkataba ni wa mahakamani. Sisi tuko sebuleni."

"Sawa. Nimewasikia. Nitalishughulikia kesho."

"Vizuri sana," alisema Gashe Demissew, akapanga vizuri mikono yake juu ya fimbo. "Tutasimama mpaka kesho."

Wakasimama kweli. Kuku aliletwa akapoa. Kahawa ilikaangwa, ikatwangwa, ikachemka, moshi wake ukajaa chumba kizima, na hakuna aliyenyoosha mkono. Gashe Lemma alianza kuegemea ukuta, goti likimtetemeka, na kila Etalem alipotaka kumshika alimsukuma kwa kiwiko. Jirani mmoja alichungulia, akaona, akaondoka mbio kwenda kuwaambia wengine.

"Fikremariam!" Emama Zewditu hakuweza kuvumilia tena. "Mzee wa kumzaa baba yako amesimama nyumbani kwangu na njaa! Nitapitaje mlango wa kanisa? Huo ufunguo ni wako?"

"Mama, huelewi..."

"Nimekuuliza, ni wako?"

Fikremariam akakaa kitako kwenye kiti, peke yake kati ya watu waliosimama, kisha akaona aibu akainuka tena. Alipozungumza hakuwa na utamu wake wa Kazanchis. "Si wangu. Lakini kule ng'ambo wanahesabu vichwa, wazee wangu. Nikipoteza hawa mia na arobaini nashushwa daraja, na wateja wengine watanikimbia. Na huyu dada hakuniambia anaondoka. Miaka mitatu nimekunywa kahawa ofisini kwake. Habari nimezipata kwenye barua ya mtu nisiyemjua! Ningekuwa mbwa angenifukuza kwa mdomo wake."

Gashe Demissew akageuka nyuma taratibu. "Etalem. Ni kweli?"

Etalem hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuja kama mdai, na sasa macho yote yalikuwa kwake. Angeweza kutaja zile siku nne, na buti elfu sita, na angeshangiliwa. Lakini lililosemwa lilikuwa la kweli.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa na hasira, halafu nikaona haya, kwa sababu mimi ndiye niliyekupa ufunguo. Nilipaswa kuja kukuambia ana kwa ana. Nisamehe, kaka."

Jikoni, mwiko wa Meaza uliacha kukoroga.

"Na jingine," Etalem akaendelea, na sauti yake ya kawaida ikarudi. "Kompyuta zetu ni nyingi kuliko mikono yangu, na wafanyakazi wapya hawana wa kuwafundisha. Programu siwezi kukuachia, umetuangusha. Lakini kufundisha unajua kuliko mtu yeyote mjini hapa. Kazi hiyo nitakuombea kwa Etye Alganesh, na nikiomba mimi huwa napewa."

"Anapewa," Gashe Lemma akathibitisha kutoka ukutani. "Nitazameni mimi."

Fikremariam alicheka bila kupenda. Akatoa simu mfukoni, akafungua barua ambayo ilikuwa imemsubiri siku kumi, akabonyeza. Namba za siri zikaingia, akaziandika, akabonyeza tena. Kisha akamwonyesha Etalem kioo. Ilikuwa imeandikwa kwamba ombi limekubaliwa, na msimamizi mpya ajaze jina lake.

"Tayari?" aliuliza Gashe Demissew.

"Tayari, Gashe."

"Ndiyo hiyo tu? Kidole kimoja?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na mtandao wake haukuwa mbovu," mzee akasema, akavuta kiti. Wakakaa, wakanawa, Emama Zewditu akapasha kuku moto upya na kuwalisha kwa mkono wake tonge kubwa kubwa. Gashe Demissew, akiwa bado anatafuna, akauliza kama huyo Meaza anapenda wanaume wasomi, maana alikuwa na mpwa mjane.

Jumatatu asubuhi kijana wa wakala mpya, Natnael, alifika kiwandani na tai shingoni na kompyuta mpya. Alikuwa mwepesi, anajua kazi yake. Ndani ya nusu saa vichwa mia na arobaini vilikuwa vimehamia kwake, hakuna barua hata moja iliyopotea. Ikabaki fomu moja, ya jina na simu ya msimamizi mkuu.

"Dada Etalem," akasema, vidole tayari juu ya vitufe, "tusipoteze wakati, niandike mimi. Kwa muda tu."

Etalem alicheka mpaka akashika meza. Alicheka hadi Etye Alganesh akatoka ofisini kwake kuja kuona kuna nini.

"Mdogo wangu," Etalem akamwambia Natnael, akijifuta machozi, "kauli hiyo imenigharimu wazee watatu na goti moja. Toa mkono."

Kijana akatoa mkono kwenye kompyuta, haelewi.

Etye Alganesh akasoma fomu, akaelewa haraka kama kawaida yake. Akamgeukia Etalem. "Jiandike wewe basi," akasema. "Ukishika ufunguo hakuna atakayeweza kukufukuza. Hata mimi."

"Ndiyo maana sijiandiki, Etye."

Akaandika jina la kiwanda. Kwenye nafasi ya simu aliandika laini mpya aliyokuwa ameisajili saa mbili asubuhi kwa jina la kampuni, na chini yake namba za watu watatu, Etye Alganesh, mhasibu, na yeye mwenyewe wa mwisho, kwamba wawili kati yao lazima wakubali. Akamsogezea mama yule simu ili abonyeze.

Etye Alganesh alibonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayegonga msumari kwenye kisigino cha kiatu. Kisha akarudi kuelekea ofisini kwake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Na huyo Fikremariam wako mwambie aje Jumatano tuongee hayo mafunzo. Saa mbili kamili." Akafungua mlango. "Na wewe usichelewe."