Viatu vya Peris

Wiki moja magazeti matatu yalifika kibandani kwa Zephaniah, fundi viatu wa soko la Taveta, na kila moja lilikuwa na Peris wake.

La Nairobi lililetwa na Firdaus, mwenye duka la vitambaa, aliporudi kutoka Voi. Lilisema binti wa Zephaniah, mwenye miaka kumi na tisa, ni mchochezi aliyetumwa na wapinzani, kwa kuwa mwaka ule, tisini na saba, ulikuwa wa uchaguzi. La pili, la Tanzania, lilivuka mpaka wa Holili likiwa limefungiwa dagaa. Hilo lilimwita shujaa, kisha likadai amezaliwa Tanzania. La tatu lilitoka Uingereza kwa posta, na Peris ndiye aliyemsomea baba yake. Picha ilimwonyesha amesimama kwenye jiwe la chemchemi, miguu mitupu. Chini yake waliandika kwamba mtoto huyu hana hata viatu, lakini analilia mvua.

Zephaniah aliweka sindano chini.

"Viatu vyako vilikuwa wapi?"

"Chini ya mti, Baba. Ulitaka niingie navyo?"

Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kukanyaga chemchemi ile na viatu, ilikuwa mwiko, na Zephaniah ndiye aliyemfunza. Mpiga picha alipiga tu akaondoka, hakuuliza kitu.

Miti ya chemchemi hiyo, kwenye njia ya Chala, ilikuwa imetiwa alama ikatwe, kwa sababu tajiri mmoja alitaka kupanua shamba lake la ndizi. Peris na kina mama walikaa chini yake siku nne. Alisema miti ikienda, mvua nayo itaenda, na ukame huu utakuwa wa kila mwaka. Sasa chifu alitaka atie sahihi barua ya kuomba radhi, ataje na aliyemtuma. Akikataa, hapewi barua ya tabia njema, na bila barua hiyo chuo cha ualimu hakimpokei. Kwa siku mbili Zephaniah alikuwa amembembeleza binti yake atie sahihi, yaishe.

Baraza lilifanyika palepale kwenye chemchemi. Wakataji walisimama pembeni na misumeno yao. Chifu aliinua gazeti la Nairobi juu, akauliza kama gazeti la serikali lingesema uongo, kisha akampa Zephaniah barua na kalamu ili amkabidhi binti yake.

Zephaniah hakumkabidhi. Alitoa viatu vyeusi kwenye mfuko aliokuja nao, akaviweka juu ya meza ya chifu.

"Mimi niliishia darasa la nne, chifu, lakini viatu navijua. Hivi ni vya Peris, nimevishona mwenyewe. Wazungu wameandika hana. Majirani zetu wa Tanzania wameandika si wetu, na mkunga aliyemzalisha mama yake ni yule pale ameketi. Wewe nawe unataka niamini gazeti lako kwa sababu limetoka Nairobi?"

Watu walicheka. Chifu alimwambia aache maneno mengi, barua ina nafasi ya jina la aliyemtuma, na jina linatakiwa leo.

"Utalipata," Zephaniah alisema. Akainama, akaandika jina lake mwenyewe polepole, herufi moja moja, kama anayepigilia misumari ya soli. "Nilimtuma mimi. Nilimtuma tangu siku niliyomwambia avue viatu hapa."

Chifu aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akawaamuru wakataji wamfuate kwenye ile miti, iliyokuwa ng'ambo ya maji, na njia ya kuifikia ilipita majini. Alifika ukingoni akasimama. Alikuwa mtoto wa palepale, na alikuwa amevaa buti. Kina mama waliziangalia zile buti. Kuzivua mbele yao kungekuwa kukubali kwamba mahali pale pana heshima yake, na kuingia nazo hakuweza. Nyuma yake wakataji waliweka misumeno chini.

Aligeuka akaenda zake.

Barua ya tabia njema haikuandikwa, na chuo kilifunguliwa bila Peris. Muhula huo alishona soli kibandani na baba yake, na kila Jumamosi alikwenda kuihesabu ile miti. Haikupungua hata mmoja.