Macabé kwenye barrière

Mama Euphrasie alikuwa anafundisha mifupa kwa wale wanajifunza udaktari, hapa Kisangani. Ile wakati ya vita, majeshi mbili walikuwa wamegawana muji kama mukate, na kila moja inapiga mwenzake juu ya vichwa ya watu. Wanafunzi wakakimbia, wengine Buta, wengine hata Mungu hajui wapi. Mama akabakia na mumoja tu, Bonheur, mutoto ya kutoka Yahuma, na huyo naye alikuwa amechoka.

"Mama Prof, kama examen, mutihani yangu ya mifupa, haifanyike leo, narudi kwetu kulima muchele. Kwa kweli."

"Itafanyika, papa. Hata mbele ya shetani."

Bon, bombe ilikuwa imetoboa tôle, bati ya darasa, mvua inaingia. Donc wakasema wapeleke Macabé nyumbani kwa mama, mutaa ya Mangobo, examen ifanyike huko. Macabé, ni vile wanafunzi ya médecine wanaitaga maiti ya kusomea, tangu wakati ya Wabelgiji. Huyu wao alikuwa mifupa tupu, kutoka kichwa mpaka vidole, imefungwa na waya. Ukimukunja, anavunjika. Alors wakamukalisha nyuma ya toleka, ile kinga, baiskeli ya kubeba watu, wakamuvika koti ya marehemu bwana ya mama, na kofia, juu watu wasiogope. Bonheur anasukuma, mama anashikilia mugongo.

Kwenye barrière, kizuizi ya askari katikati ya barabara, askari mumoja akanyanyua bunduki.

"Huyu mugonjwa iko nani?"

Bonheur, midomo imekauka: "Macabé."

"Macabé nani?"

"Macabé tu, chef."

Askari akamulenga bunduki. Macabé hatingishike, hasalimie. Mama akaona wazi vile askari anawaza: mutu asiyeogopa bunduki namna hii, lazima iko mukubwa ya jeshi. Na kweli, askari akarukia radio.

"Commandant! Tumemukamata Macabé!"

Kumbe wale ya jeshi ingine walikuwa wanasikiliza radio hiyo hiyo. Wakajibu na matusi: "Macabé iko wetu! Mukimugusa unywele moja, tunawachoma!"

Mama akataka kucheka, halafu akakumbuka hawa watu wanaweza kumupigania kweli.

Commandant akafika, mutu munene. Akatoa ile kofia. Chini yake, fuvu tupu.

"Mama, huyu mulimuua lini?"

"Mon commandant, huyu iko mwalimu. Leo iko siku ya examen."

"Uongo! Kama iko examen, ifanyike hapa hapa, tuone."

Mama akavaa miwani. Askari wakakaa juu ya mifuko ya muchanga, radio ikabakia wazi. Bonheur akaanza na kichwa, anashuka, na kila mufupa anataja, askari wanajipapasa.

"Clavicule!"

"Ah, na mimi iko nayo!" askari mumoja akasema, anagusa mufupa kati ya shingo na bega.

Akafika kwa kifundo ya mukono. Akakwama. Mufupa moja imebakia, kidogo kama punje ya maharagi.

"Sema jina yoyote!" askari mumoja akanong'ona.

"Mama," commandant akasema, mukono juu ya pistole, "mupatie points. Mutoto amejibu mingi."

Mama akaangalia pistole, akaangalia Bonheur. Akimuangusha, mutoto anaenda kulima muchele. Akimupitisha, ni pistole ndio imepita.

"Hapana, mon commandant. Siku moja huyu atakushona mukono. Unataka asahau mufupa gani?"

Commandant akaangalia mukono yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ajourné," mama akasema. "Leo ameanguka, atarudia examen kwa seconde session."

Bonheur akakaa chini kwenye vumbi. Mama akangojea asikie neno Yahuma. Lakini mutoto alikuwa ameshika mukono ya Macabé, anaizungusha kama mutu anatafuta kitu iliyoanguka.

"Mama Prof, hii kidogo inafanyaga kazi gani?"

Mama akapiga magoti pembeni yake, akaanza kumuelezea, pole pole, bombe zinalia huko mutaa ya Tshopo.

Commandant akashika radio: "Ninyi huko, siku ya seconde session musipige!"

Wale ya jeshi ingine wakajibu: "Sawa. Lakini mutuambie, ile mufupa kidogo inaitwa aje?"