Binti wa Maganga Arudi Kasoli

Ng'washi alirudi Kasoli akijiita Nancy, akaomba kazi ya kuwapikia vibarua wa pamba kwenye shamba kubwa la mzee Luhende. Hakuna aliyeonekana kumtambua. Alikuwa mtoto wakati sungusungu, walinzi wa kijiji, walipoitenga familia yao, baada ya Luhende kuapa kwamba baba yake, Maganga, amemwibia maksai. Walihama na vyombo vichache. Maganga akafia Bariadi, kwenye chumba cha kupanga, na shamba lake la kando ya mto likamezwa na la Luhende.

Ng'washi alikuja kulichoma ghala la pamba. Hakupanga kumpenda Josia, mwana wa Luhende. Lakini Josia ndiye aliyemletea maji kwa pikipiki kila asubuhi, akawa anakawia jikoni bila sababu, na Ng'washi akajikuta anamwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kunywea chai. Kila alipocheka naye, baadaye alijichukia.

Ghala lilipojaa, vibarua wakiwa wanakula, aliingia na kiberiti. Josia akamfuata.

"Ng'washi," alimwita.

Aligeuka, kiberiti mkononi. "Nani amekwambia jina hilo?"

"Unatembea kama marehemu baba yako. Nilikujua mapema."

"Ukanyamaza?"

"Nimenyamaza tangu zamani." Josia aliketi juu ya pamba. "Wale maksai hawakuibwa. Baba alinituma niwaswage hadi Maswa, kwa mjomba. Alilitaka shamba lenu. Nilikuwa mdogo, nikaogopa. Sasa ni mtu mzima, na bado naogopa."

Ng'washi alilia kwa hasira, kisha akalia tu. "Usiniambie mimi," alisema mwishowe, akitia kiberiti mfukoni. "Kaseme mbele ya watu. Mama yangu awepo."

Josia alikwenda akasema. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akaeleza yote. Mwenyekiti akamgeukia Luhende. Mzee aliinamia fimbo yake hadi watu wakaanza kuguna.

"Kijana hasemi uongo," alisema.

Kutengwa kulifutwa palepale, na shamba likaamriwa lirudi kwa wenyewe. Luhende alimfuata Anna, mjane wa Maganga, aliyeitwa kutoka Bariadi, akataka kupiga magoti. Anna alimzuia.

"Nenda nyumbani, mzee. Nimechoka kukuchukia."

Njiani, wanawake ambao zamani walimpa kisogo walikuwa wamesimama wakimngoja. "Mwadila, mayu," walimsalimu mmoja mmoja, na Anna aliwaitikia wote.

Josia alikuwa nyuma, akisukuma pikipiki. "Utanikubali?" alimuuliza Ng'washi kwa sauti ya chini.

"Ngoja kwanza nizoee kuitwa jina langu," alijibu, akicheka.

Walipofika kwa jirani yao wa zamani, Anna alitandikiwa mkeka, akalala mchana kweupe, akakoroma. Ng'washi alikaa mlangoni kuwazuia wageni, akiwaambia taratibu kwamba mama amepumzika, warudi jioni.