Unga wa Uchaguzi

Barafu ilikuwa imeota ndani ya nyumba, kwenye ukuta wa upande wa kitanda. Osithe aliikwangua kwa kijiko kabla mumewe hajaamka, akaitia sufuriani, maana kisima kilikuwa kimeganda na shoka la kukipasulia walishaliuza. Juu yake akatia viazi vya mwisho. Vilikuwa laini, vimeanza kuoza. Alikata sehemu nzuri, akaviangalia vile vipande vibaya kwa muda, kisha navyo akavitia.

Placide alilala karibu na jiko, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya benchi kama kitu cha mtu mwingine. Mwaka uliopita, barafu ya mto ilipovunjika, magogo ya kampuni yalikwama penye maporomoko. Mwingereza mnyapara akasema yakwamuliwe kabla ya chakula. Gogo la kwanza kukwamuka lilipita juu ya goti la Placide. Kampuni ilimlipa mpaka saa ile aliyovunjika. Mchana wake hawakuulipa, kwa kuwa hakuufanyia kazi.

Kengele za farasi zikasikika nje.

"Hodi humu! Wazima au wafu?"

"Wazima, bwana Sifroy," akaitikia Osithe. "Karibu, ila usiangalie hali."

Sifroy Maillet aliingia akikung'uta theluji kwenye buti. Alikuwa ndiye mwenye duka, ndiye msimamizi wa maskini wa parokia, mgawaji wa fungu lao, tena ndiye aliyeendesha uchaguzi kwa upande wa serikali, ule wa kampuni ya mbao. Watu walisema ana kofia tatu na kichwa kimoja, na zote zinamkaa. Nyuma yake alikuja Jaddus, mkulima wa mlimani, mtu wa maneno machache. Walibeba nusu pipa la unga, samaki wa chumvi, na mtungi wa asali ya miwa. Jaddus alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akawa anamwangalia Placide aliyelala, kuanzia mabega mpaka miguuni.

"Placide, unaonaje mguu?"

"Uko pale pale, bwana. Haujatoroka."

Sifroy alicheka. "Uchaguzi umefika, ndugu yangu. Sisi hatusahau watu."

Kila uchaguzi unga ulipita. Hakuna aliyeona aibu nao. Upande wa serikali ulileta unga, upande wa pili ulileta pombe ukijaliwa, na watu walikula vya hawa na kunywa vya wale, kisha wakapiga kura walivyotaka au walivyoogopa. Osithe alikulia humo. Akiwa mtoto alijua ladha ya mkate wa uchaguzi kuwa ni nzuri kuliko ya mkate wa siku nyingine.

Alinyoosha mikono apokee. Sifroy akaweka kiganja juu ya kifuniko cha pipa.

"Ila sema kwanza, mama. Mnahitaji?"

"Bwana Sifroy, na macho unayo!"

"Niambie kwa mdomo wako. Jaddus naye asikie. Sitaki kesho waseme namwagia unga watu walioshiba."

"Tunahitaji."

"Basi omba."

Osithe akadhani ni yale mambo yake. Dukani kwake hata msumari uliulipia na bado ukauomba. Akafuta mikono kwenye aproni, akainamisha kichwa kidogo. "Tunaomba, bwana. Tusaidie. Hatuna kitu."

"Umesikia, Jaddus?"

"Nimesikia."

Walipoondoka, Placide aligeuza uso ukutani. "Amekufanya umbembeleze."

"Maneno hayaninunulii kitu dukani. Unga huu ni mkate."

Jioni nyumba ilinuka mkate. Placide alikula taratibu, akipakaza asali ya miwa mpaka pembeni kabisa, kisha akasema, "Nitakula mkate wao, na nitamchagua Anselme."

Anselme alikuwa mkulima wa ng'ambo ya mto, aliyegombea kwa upande wa pili. Alikuwa ameingia kila jiko la parokia ile akisema jambo moja tu: mtu akivunjwa na kazi ya kampuni, kampuni imlishe, na iwe sheria. Alikunywa chai nyumbani kwao, akaugusa ule mguu kwa mkono wake. Placide hakuamini kila neno lake. Lakini tangu majani yalipoanguka hakuzungumzia kitu kingine.

"Na Sifroy akijua?"

"Ajue vipi? Karatasi inatiwa kwenye bahasha. Au naye atajitia kwenye bahasha?"

Osithe alicheka, na alipomaliza kucheka akaogopa. Kulikuwa na jambo ambalo hawakulitaja ndani ya nyumba ile, nalo ni ngazi za kanisa. Kila mwaka, baada ya misa, maskini wa parokia walisimamishwa pale, na Sifroy akauliza nani atamtunza huyu kwa fedha kidogo za parokia kuliko wote. Anayetaka kidogo zaidi ndiye aliyempata. Zabeth, jirani yao mjane, alichukuliwa hivyo, na Osithe alipokwenda kumtembelea alimkuta analala na ndama, kwa sababu ndama walikuwa na joto. Wao walikuwa bado hawajafika huko. Placide alikuwa bado mtu mwenye nyumba na kura. Anselme akishinda, kuna sheria, kuna nusu ya mshahara. Asiposhinda, watajua la kufanya. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiambiana.

Siku ya kura, Tilmon, binamu yake Placide, alikuja na sleji yake ya kuburuta kuni juu ya theluji. Walimfunga Placide kwa blanketi na kamba, Osithe akapanda nyuma kuushika mguu usigongwe njiani.

Shule ilikuwa imezungukwa na farasi. Wanaume walisimama makundi makundi, pumzi zao zikifuka, na chupa ilizunguka chini ya makoti. Wanawake walikaa upande wa uzio na vitoto vyao.

"Tazameni, Baba Askofu amefika!" mtu alipiga kelele. "Anabebwa!"

"Busuni pete!" akajibu Placide, akanyoosha mkono wenye glavu iliyotoboka. Watu wakacheka, na mmoja akambusu kweli, pwaa! Osithe alimwona mumewe akitabasamu kwa meno yote, kitu ambacho hakukiona tangu mto ulipovunjika barafu.

Karatasi zilitolewa hapo nje. Kila upande ulichapa za kwake. Mtu wa serikali alimsogezea moja, Placide akaipokea kwa adabu, akaitia mfuko wa kushoto. Mpwa wa Anselme akampa nyingine wakati wa kumwinua. Hiyo ilikwenda mfuko wa kulia.

Tilmon na mwenzake walimbeba mpaka ndani, Osithe akifuata na mguu. Hakuna aliyemzuia. Mwanamke aliyeshika mguu wa mtu hakuwa mtu wa kuzuiwa. Karani wa kura, kijana kutoka mjini, alikaa kwenye meza ya mwalimu. Sifroy alikaa pembeni yake kama wakala wa upande wake, Jaddus kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakimfika kifuani.

"Jina?"

"Placide Robichaud."

Karani alinyanyua bahasha. Sifroy akasimama.

"Naomba mpiga kura huyu aapishwe."

Kila wakala alikuwa na haki hiyo. Karani akavuta kitabu cha Injili, akasoma kwa sauti ya kuchoka: je, aapa kwamba ni mtu mzima, kwamba anakaa parokia hii, kwamba hakupokea wala hakuahidiwa kitu kwa ajili ya kura yake, na kwamba mwaka huu hakuomba wala hakupokea msaada wa maskini?

Placide alikuwa tayari ameweka mkono juu ya kitabu. "Naapa..."

"Polepole, ndugu yangu," Sifroy akasema kwa upole. "Hiyo ni Injili. Na ule unga?"

"Unga gani? Ule wa chama?"

Wale wa mlangoni waliacha kusukumana.

"Chama?" Sifroy akamgeukia karani. "Bwana, chama kikimpa mpiga kura unga, hiyo inaitwaje mbele ya sheria?"

"Hongo," karani akasema.

"Hongo. Placide, unataka kuniambia mbele ya watu hawa kwamba nilikuhonga, na kwamba wewe ulihongwa? Maana hapo huna kura, na mimi na wewe tunakwenda kwa hakimu. Mimi nina wakili. Wewe je?"

"Sisemi hivyo."

"Basi ulikuwa unga gani?"

Mkono wa Placide ulikuwa bado juu ya kitabu, umetulia.

"Ulitoka kwenye fungu la maskini," Sifroy akasema. "Niliuleta mimi, msimamizi wa maskini, na shahidi wangu yule pale. Uliombwa, ukatolewa, na aliyekula fungu la maskini hana kura. Kama nasema uongo, muulize mkeo."

Watu wakamgeukia Osithe. Hakuwahi kutazamwa na wanaume wengi kiasi kile hata siku ya ndoa yake. Alikuwa bado ameushika mguu kwa mikono miwili.

"Mama," karani akasema, "uliomba?"

"Yeye aliniambia niseme."

"Uliomba au hukuomba?"

"Kila uchaguzi wanaleta! Muulize yeyote hapa! Tilmon, wewe hukuletewa?"

Tilmon aliangalia buti zake. Nyuma yake wanaume waliokuwa wamekula mkate huo huo asubuhi ile wakaanza kuangalia dari. Anayejibu naye amehongwa.

"Osithe," Placide akasema, "usiape uongo kwa ajili yangu."

"Niliomba," akasema Osithe.

Placide akautoa mkono juu ya Injili. Hakuutoa kwa hasira. Aliutoa kama anayetoa mkono kwenye jiko baada ya kugundua kwamba ni la moto. Karani akairudisha bahasha kwenye fungu lake, akauliza aliye nyuma jina lake nani.

Nje, hakuna aliyemwita Baba Askofu.

Upande wa Sifroy ulishinda katika jimbo na katika parokia. Walichoma mapipa ya lami barabarani, wakaimba, na mmoja wao alikuja mpaka mlangoni kwa Placide akamwachia chupa yenye kinywaji kidogo chini, bila ubaya wowote. Sifroy naye alikuja keshoye. Hakukaa.

"Sikutaka iwe hivi," alisema. "Lakini umekubali mbele ya ofisa kwamba unatunzwa na parokia. Siwezi kukutunza hapa, na huyu," akamwonyesha Osithe kwa kidevu, "ana mikono miwili. Parokia hailipii mtu mwenye mikono miwili."

"Ungeniambia tu nisipige kura," Placide akasema. "Ningekaa nyumbani."

"Ungekaa?"

Placide alifikiri. "Hapana."

"Basi," akasema Sifroy, akafunga koti.

Jumapili baada ya misa walimkalisha Placide kwenye ngazi ya juu, kwa kuwa hawezi kusimama. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka. Padri aliingia ndani mapema. Osithe alisimama chini na wanawake wengine, nao walikuwa wamesogea mbali naye kidogo.

"Mikono yake ni mizima," Sifroy alitangaza. "Anaweza kuchonga mipini, kushona hatamu, kumenya viazi. Nani atamtunza mpaka mwaka ujao, na parokia imlipe nini?"

Tilmon alitaja kiasi. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye watoto sita. Jaddus akataja kidogo kuliko hicho. Tilmon akapunguza, mkewe akamvuta koti. Jaddus akapunguza tena, bila kutoa mikono mfukoni. Tilmon akafungua mdomo, akaangalia watoto wake waliopangana kando ya uzio, akaufunga.

"Tilmon?" Osithe akaita. "Tilmon, kaka yangu."

Tilmon alikuwa anavaa kofia.

"Kuna mwingine?" Sifroy akauliza. "Kuna anayetaka pungufu ya hapo?"

"Mimi," Placide akasema.

Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kama mtoto darasani.

"Mimi nitamtunza bure. Parokia isitoe hata senti. Nampeleka kwangu."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, na si cha ubaya, watu wale walimpenda Placide. Hata Sifroy alitabasamu. "Maskini hana sauti katika mnada wake, ndugu yangu. Kuna mwingine? Kwa mara ya kwanza."

Placide hakushusha mkono.

"Kwa mara ya pili."

Kicheko kilikwisha. Theluji ilikuwa inaanguka kwenye kile kiganja, haiyeyuki. Osithe alianza kupanda ngazi, mtu akamshika kiwiko.

"Ni wa Jaddus," Sifroy akasema.

Jaddus alipanda, akainama, akauminya ule mkono mwingine kuanzia bega mpaka kwenye vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba unafaa. Kisha akasubiri, kwa subira ya mtu wa ng'ombe, Placide aushushe ule ulioinuliwa ili wamwinue. Placide hakuushusha. Wakambeba hivyo hivyo.