Muulizeni Kuhusu Filimbi

Akina mama wenzangu wenye mabinti, akikujieni mtu wa nchi nyengine kuposa, najua mtakayouliza. Mtauliza anasali? Ana kazi? Kwao kaacha mke? Ulizeni, si vibaya. Mie niliuliza yote hayo na nikajibiwa vizuri. Lakini liko moja sikuliuliza, na kwa hilo, tokea mwaka wa tisini na nne mpaka leo, ikikaribia saa kumi na mbili ya jioni mikono yangu hufa ganzi hata kama nimeshika mwiko. Muulizeni hivi: filimbi ikilia, utafanya nini?

Kwetu mjini Mkoani barabara ya kutoka gatini inapanda kilima, na kituo cha askari kiko pale juu, bendera yake unaiona kutoka mbali. Jioni askari hupuliza filimbi, bendera ikaanza kuteremshwa, na kila aliye njiani husimama. Mwenye baskeli hushuka. Gari husimama. Mchukuzi mwenye gunia kichwani husimama nalo. Ikilia filimbi ya pili, watu huendelea na safari zao. Sie tumekua nalo jambo hili, hatulifikirii, kama usivyofikiria kupiga hodi.

Mmadi, mume wa binti yangu Tatu, ni Mngazija, fundi wa mashine za boti. Kijana mpole, hana maneno mengi, aliniita mama tokea siku ya posa. Banda lake la kazi liko mkabala na kituo, barabara tu ndiyo inayowatenga. Harusi ilikuwa bado mbichi nilipompelekea mkate wa ufuta jioni moja. Nilikuwa sijafika bandani filimbi ikalia. Nikasimama na sahani yangu. Watu wote kimya, hata kuku ungesema wamekatazwa. Mara nikasikia ko, ko, ko. Nyundo. Mkwe wangu anagonga chuma.

Nilitamani ardhi inimeze na sahani yangu. Filimbi ya pili ilipolia niliingia bandani mbio.

"Mwanangu, hukusikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi mbona hukusimama?"

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mama, niombe lolote. Hilo usiniombe."

Sikumuuliza zaidi. Mkwe ni mkwe, una haya naye. Nikatafuta njia yangu. Kila siku kabla ya saa kumi na mbili nikawa natoka nyumbani, na nyumba si mbali, nasimama ukingoni mwa barabara na kumwita: "Mmadi, chai tayari!" Anaacha kazi, anakuja, na filimbi inamkuta uani kwetu na kikombe mkononi, haonekani na mtu. Vuai, fundi mwenzake, akawa anamchezea shere. "Fundi, kengele yako imelia! Kimbia, mama mkwe asije akakubeba mgongoni."

Watu wanacheka, na mie nacheka. Roho yangu haicheki.

Basi Tatu akachukua mimba. Na huku kibali cha Mmadi cha kuishi nchini kinakaribia kwisha. Barua ya kwenda kuombea kipya Uhamiaji ilitakiwa ianzie kwa sheha wetu, mkubwa wa mtaa, Mzee Kificho, aseme kwamba mtu huyu anamjua, anaishi na wenziwe kwa wema. Sheha akikataa, Mmadi anarudi kwao. Na Tatu alikwisha kuniambia, tena bila ya kuinua uso kutoka kwenye mchele anaochagua: "Mama, akiondoka naondoka naye." Ngazija! Mie Unguja kwenyewe nimefika kwa kuuguza tu. Mtoto wangu mmoja, na tumbo lile, aende mahali ambapo hata akilia sitajua.

Siku yenyewe, Mzee Ngwali, mvuvi, alikuwa anaisubiri mashine yake pwani, maji yamejaa anataka kutoka. Mmadi na Vuai wakaitia kwenye mpiko, ule mti wa kubebea mzigo watu wawili, wakaondoka nayo kuteremka kilima. Mmadi mbele, Vuai nyuma, na kituo wamekwisha kukipita. Nilipofika ukingoni mwa barabara kuita chai yangu, niliwaona migongo tu.

Filimbi ikalia.

Vuai akasimama. Nani asingesimama? Mmadi akavuta hatua moja, mpiko ukamrudisha. Akavuta tena. Mashine inabembea baina yao kama mtoto kwenye susu, na barabara nzima kimya.

"Tembea, Vuai. Inaniumiza bega."

"Bendera, fundi," Vuai akamnong'oneza.

"Bendera yenu. Tembea!"

Hakupiga kelele. Lakini wakati ule, ndugu zangu, hata mtu akimeza mate anasikiwa. Alisimama pale kwa kuwa mti ulimkamata, na mgongo kauelekeza kwenye bendera. Ilipolia filimbi ya pili, askari mmoja aitwaye Safari akateremka polepole, anafunga kifungo cha mkono.

"Fundi, umesema bendera ya nani?"

Hapo ingetosha kusema mzigo ulikuwa mzito, ulimi umeteleza, samahani afande. Nilikuwa nimefika karibu, nikamtazama machoni, namwomba kwa macho. Akasema, "Nimesema yao. Mie si raia hapa. Au nimekosea?"

Safari mwenyewe alibabaika. Hakumtia ndani. Alisema jambo hili lipelekwe kwa sheha, na sheha ndiye aliyenitia khofu zaidi kuliko askari.

Barazani kwa Mzee Kificho watu walijaa. Mzee Ngwali, ambaye ndiye aliyekosa kwenda baharini, ndiye aliyeanza kumtetea.

"Sheha, mtu husimamia chake. Huyu akisimama na moyo haupo, si unafiki? Mie simtaki mnafiki, namtaka mtu wa kunitengenezea mashine."

"Nyamaza, Ngwali!" akaruka mmoja nyuma. "Samaki wetu anakula, binti yetu kamuoa, kusimama tu ndiko kunakomchosha miguu?"

"Weye unasimama kwa kuogopa, yakhe. Nakuona unavyochungulia kama Safari anakutazama," Ngwali akamjibu.

Watu wakacheka. Sheha hakucheka.

"Fundi," akasema, "ukiingia nyumbani kwa mtu unavua viatu mlangoni. Hakuna anayekuuliza kama busati lake unalipenda. Unavua tu, kwa heshima ya mwenye nyumba. Sasa mie niende niwaambie wakubwa kwamba huyu anaishi na sie kwa wema, na mji mzima umesikia ulivyosema?"

Mmadi alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Baba alivua viatu, Sheha. Akatolewa miguu mitupu."

Ndipo akaeleza, na mie ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia, mkwe wangu wa kula naye kila siku. Baba yake alikuwa karani Unguja. Alizalia watoto wake pale. Baada ya Mapinduzi akaipenda bendera kuliko wenyewe. Kila jioni anakwenda kusimama makusudi, kanzu imepigwa pasi, na watoto kawapanga mbele yake. Kisha kukasemwa Wangazija si watu wa hapa. Akaondolewa kazini. "Na jioni ile ile tukaenda tukasimama," Mmadi akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono, mkono unatetemeka. Mwishowe tukahamia Ngazija. Basi mkinambia simama utakuwa salama, mnisamehe. Mie nimeona aliyesimama."

Mzee Kificho ni mtu mzima, hayo aliyaona. Lakini ni sheha.

"Baba yako alidhulumiwa," akasema. "Nalisema mbele ya watu. Lakini mie ninaye weye, na watu hawa, na maneno yaliyokwisha kutoka. Kesho jioni simama mbele ya banda lako, uso kwenye bendera, watu wakuone. Ukisimama, ninakuandikia. Usiposimama, fundi, sina la kukufanyia."

Kesho yake sikupika. Nilimfuata Mmadi bandani mchana, nikakaa juu ya kopo la rangi, haya zote nimeziacha nyumbani.

"Sikuombi uipende," nikamwambia. "Wala sikwambii utasalimika, mie sijui nani atasalimika. Naomba nimuone Tatu akizaa. Basi."

Akaendelea kusugua spana aliyoishika mpaka ikang'ara.

Jioni watu walipanda kilima ungedhani kuna mpira. Tatu alikuja na tumbo lake, nikamkatalia, akaja. Vuai hakufanya mzaha siku ile. Filimbi ikalia, na banda halina mtu mlangoni. Nimesimama kwa kuwa sina budi, shingo siwezi kuigeuza, kwa pembe ya jicho naona tu kwamba mlangoni hakuna mtu na bendera inateremka.

Kisha nikasikia kandambili.

Mmadi alitoka. Amevaa kanzu. Wala sikujua kama alikuwa na kanzu pale bandani, tena iliyopigwa pasi. Akasimama mbele ya mlango, uso juu, mikono imenyooka, akasimama vizuri kuliko sie sote, kuliko Safari mwenyewe. Nikaona mkono wake wa kulia umejikunja kidogo, kama wa mtu aliyemshika mwenziwe. Na ulikuwa unatetemeka.

Filimbi ya pili ikalia. Hakuna aliyeondoka upesi. Mzee Ngwali akajifanya anatafuta kiatu chake. Sheha akapita, akamwambia, "Njoo kesho asubuhi nyumbani," akaendelea kuteremka, hakumtazama.

Kibali kikatoka. Tatu kajifungua mtoto wa kike kwangu, chumbani kwangu, namshukuru Mola. Mmadi husimama sasa, kila filimbi. Mie chai siiti tena.

Mngedhani nimepumzika. Kibali kile kina mwisho wake, na kinachofuata kina mwisho wake, na sheha hubadilika. Mjukuu wangu sasa anatembea. Jioni huenda bandani kwa baba yake, na filimbi ikilia husimama wima kabla ya baba yake, amemshika mkono, tumbo mbele. Wapita njia wanampenda. Mie namtazama, kisha nawatazama wanaomtazama, mmoja mmoja.

Kwa hivyo muulizeni mapema, kabla hata ya mahari. Akisema atasimama, vizuri. Akisema hasimami, muulizeni kwa nini, na mkae mumsikilize mpaka amalize. Na mkimwomba asimame, ombeni kama nilivyoomba mie. Msimuahidi kitu.